Herufi ya Mwisho katika Somo la Kumi na Nne

6 Februari

Mpwa wangu Rula,

Habari za huko? Mimi ni mzima, ukiondoa meno mawili ambayo daktari anataka yang'oke na mimi nataka yabaki, na mpaka sasa ninayeshinda ni mimi. Mfikishie dada salamu. Mwambie habari za goti lake zimenifika, na kwamba kaka yake anamheshimu hata kama hapokei simu. Nimepanda nguzo za simu za watu miaka thelathini na moja. Nina haki ya kutoisikia ikilia.

Sasa la maana. Ndani ya bahasha hii mna toleo la kumi na nne la jarida langu. Nakala mia tatu na ishirini zimetoka juzi kwa mchapaji na jana nimezisukuma mwenyewe hadi posta kwa toroli. Unakumbuka nilipoanza, baada ya kustaafu, nilikuwa na wasomaji kumi na wawili na sita kati yao walikuwa ndugu? Leo ninasomwa na walimu, makarani, fundi saa mmoja na gereza moja. Wote wako mahali ambapo mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Wanataka karatasi, kwa sababu karatasi haiombi chaji.

Ukurasa wa kwanza ni habari: kiini kipya cha Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, na nini kimebadilika, kwa lugha ambayo hata dada angeielewa akiamua kutulia. Ndani ndimo lilimo somo, na ndilo ninalotaka ulisome. Nimeeleza namna ya kuifufua kompyuta iliyochoka kwa kuiwekea Linux mpya. Unachukua flashi, unaimiminia faili la mfumo kwa amri moja, mstari mmoja tu, kisha unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo. Hakuna kufikiri. Unaandika kama nilivyoandika, herufi kwa herufi.

Ile kompyuta ya karakana yenu ya miguu ya bandia bado ina Linux niliyoiweka mwenyewe nilipowatembelea miaka saba iliyopita. Itakuwa imezeeka kuliko mimi. Anza nayo hiyo, kisha uniandikie imekwendaje. Nitachapisha barua yako, bila jina.

Nakuombea mikono yenye utulivu,
Mjomba wako, Fundi Simu


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mama hajambo. Goti limepungua kuvimba na sasa anapanda ngazi kwa kutumia upande mmoja, kama kaa. Anasema meno yako yang'olewe, na kwamba ulikuwa hivyo hivyo tangu mtoto.

Jarida nimelipata. Ukurasa wa habari umeandikwa vizuri.

Huku kazini kumekuwa na mabadiliko. Sipo tena chumba cha vipimo. Tangu mwanzo wa mwezi nimehamishiwa chumba cha plasta. Nakoroga plasta, nalowesha bandeji, nashikilia mguu wa mgonjwa wakati fundi anauzungushia, nikimaliza napiga deki. Si kazi mbaya. Vumbi lake linaingia masikioni na halitoki siku hiyo hiyo.

Nina swali dogo kuhusu somo. Hatua ya tatu, ule mstari wa amri, unaishia kwa herufi tatu: s, d, a. Je, hiyo ya mwisho ni sahihi? Haikupaswa kuwa b, au nyingine?

Ni hilo tu.

Rula


2 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata, fupi kama stakabadhi. Nashukuru kwa habari za dada. Kaa ni mnyama mwenye akili, mwambie.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Herufi ni sahihi. Somo lile nililijaribu mwenyewe kwenye kompyuta yangu mpya mara tatu, na mara zote flashi ilitoka safi na kompyuta ikawaka. Siandiki nisichokijaribu. Siku hizi kila mtu anaandika mafunzo, anakopi huku anabandika kule, na mengi hayajawahi kuona kompyuta. Mimi sivyo nilivyolelewa. Kwenye simu, waya usioupima ndio unaokupiga.

Na nikuambie jambo ambalo mwandishi hujifunza kwa taabu: watu hawasomi. Wanaruka mstari, wanaharibu, halafu wanamwandikia mwandishi kwa hasira. Nimeshawazoea.

Lakini hilo la plasta sijalielewa. Wewe ni mtu wa vipimo. Ukiwa na miaka mitano ulipima kila kiti cha nyumba hii, na jina la Rula nilikupa mimi siku uliyokipima kichwa cha babu yako akiwa amesinzia. Mtu wa namna hiyo anakorogeshwa plasta kwa sababu gani? Umegombana na mkuu wako?

Na kwa nini unauliza habari ya herufi? Umelijaribu somo au hujalijaribu?

Mjomba


5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijagombana na mtu. Mama anakula, analala, anasema sana, kwa hiyo ni mzima. Paa la jikoni lilivuja na nimeliziba.

Umeuliza kwa nini niliulizia ile herufi. Nilitaka kujua.

Nikueleze habari za mteja mmoja, maana ndiye aliyejaza wiki yangu. Ni kinyozi. Mguu wake wa kushoto unaishia chini ya goti, na kwa miaka sita amesimama kwenye mguu tuliomtengenezea sisi, saa tisa kwa siku, akizunguka vichwa vya watu. Mwezi uliopita kikombe kinachokaa kigutu kilipasuka. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya wiki moja: tunafungua vipimo vyake, tunachonga kingine, anavaa, anaondoka. Safari hii ilibidi aanze upya kama mgeni. Plasta, kusubiri ikauke, kujaribu, kurekebisha, kujaribu tena. Kigutu kimebadilika na cha kukilinganisha nacho hakuna. Wiki ya tano hii. Ananyoa ameketi kwenye kiti kirefu na anasema wateja wanamwona kama hakimu.

Aliniuliza, "Binti, vipimo vyangu si mlikuwa navyo?"

Nikamwambia tulikuwa navyo.

Akasema, "Basi sawa." Nilikuwa nimeshika mguu wake na maji ya plasta yalikuwa yanapoa, kwa hiyo tuliendelea.

Meno yako vipi?

Rula


19 Mei

Rula,

Leo sina salamu ndefu. Dada amepiga simu na nimepokea, kwa sababu ilikuwa mara ya nne na nilidhani kuna msiba. Alitaka kusema habari za paa. Katikati ya paa akasema, "Na huyu mtoto tangu afute yale mavipimo ya watu hata chakula hamalizi." Nikamuuliza, "Vipimo gani?" Akasema, "Kwani wewe hujui? Si kwa kile kikaratasi chako?" Kisha akarudi kwenye paa.

Nimekaa na jambo hili siku tatu.

Kwa nini hukuniambia? Umeniandikia barua mbili. Umenieleza kinyozi na kiti chake, umenieleza vumbi la masikioni. Mimi ni mjomba wako, si mkaguzi.

Niambie yote, kwa mpangilio.

Mjomba


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema hakujua kwamba ilikuwa siri. Hakuambiwa kwamba ni siri, hilo ni kweli.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tatu Machi, saa nne asubuhi. Mkuu wa karakana alikuwa ameniruhusu kuifufua kompyuta, kwa sababu ilikuwa inachukua dakika kumi na moja kuwaka. Jarida nililiweka wazi kando ya kibodi, na rula juu yake ili nisiruke mstari. Hatua ya kwanza nilifanya. Ya pili nilifanya. Ya tatu niliandika ulivyoandika, herufi kwa herufi, nikarudia kuisoma, nikabonyeza.

Baada ya dakika tatu taa ya flashi ilikuwa haijawaka hata mara moja. Taa ya diski ilikuwa inawaka bila kupumzika. Hapo nikajua, lakini kujua hakukunisaidia. Nilichomoa waya ukutani. Nilipoiwasha tena haikuwa na kitu.

Mle mlikuwa na vipimo vya watu elfu moja mia moja na arobaini. Miaka saba.

Mkuu alikuja akauliza, "Vimekwenda wapi?"

Nikasema, "Havikwenda popote. Kumeandikwa kitu kingine juu yake."

"Na nakala?"

Nikamwonyesha somo lako. Hatua ya tano ndiyo inayosema: sasa weka nakala ya kazi zako mahali salama. Hatua ya tatu ndiyo iliyofuta. Alisoma ukurasa wote akiwa amesimama, kisha akauliza aliyeandika ni nani. Nikasema ni mtu mmoja fundi. Sikusema ni mjomba wangu.

Kukaa miaka saba bila nakala ni kosa langu, na nimelikubali mbele ya wote. Kwa hilo nimehamishwa, na sioni kuwa nimeonewa. Nilikuuliza habari ya herufi kwa sababu nilitaka useme mwenyewe kwamba imekosewa, bila kujua imenigharimu nini. Ulisema ni sahihi. Baada ya hapo sikuona la kuongeza.

Ninachotaka sasa ni kimoja. Kuna nakala mia tatu na kumi na tisa nyingine huko nje, na hatua ya tatu iko katika kila moja. Waandikie.

Rula


14 Agosti

Mpwa wangu,

Pokea salamu za mtu aliyechelewa. Meno yameng'olewa yote mawili. Dada alishinda.

Uliniambia niwaandikie wasomaji. Toleo la kumi na tano lilikwenda kwa mchapaji wiki moja baada ya barua yako. Nafasi ya masahihisho ilikuwepo, robo ya ukurasa wa nne. Niliweka habari ya programu mpya ya kuchora. Nilijiambia kwamba sina hakika bado, na mtu hatangazi asilo na hakika nalo.

Mwezi wa sita wote nilitafuta hakika hiyo. Mchapaji alikuwa na kompyuta kuukuu chini ya meza, anawekea miguu. Nikaiomba. Nikaweka Linux, nikaweka picha chache za paka wake ili kuwe na cha kupotea, nikafungua toleo la kumi na nne, nikaandika mstari wangu mwenyewe. Ilichukua dakika nne. Haikulalamika, haikuuliza kama nina hakika. Paka wote wakaondoka.

Nilichoelewa ni hiki, na nakueleza kwa sababu unastahili kujua kilichokupata. Kompyuta huzipa diski majina kwa herufi. Kompyuta yangu mpya ina diski ya aina ya kisasa, yenye jina la namna nyingine kabisa, kwa hiyo flashi ikiingia ndiyo inayoitwa sda. Kwenye kompyuta za zamani, sda ni diski yenyewe, tumbo la kompyuta. Niliwaandikia watu wenye kompyuta zilizochoka somo nililolijaribu kwenye kompyuta isiyochoka. Yenu niliiweka kwa mikono yangu, nilijua ni ya namna gani. Sikuwaza.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa wiki tatu barua hii iliishia hapo. Kuna jingine.

Tarehe 20 Februari nilipata barua ya mwalimu mmoja. Alisema amefuata hatua ya tatu na mitihani ya mihula mitatu imepotea. Aliandika kwa adabu. Aliuliza kama ile a ni sahihi, kama ulivyouliza wewe. Nilimwona mzembe. Niliitia barua yake kwenye droo na sikuijibu. Nilipokuandikia kwamba nimeshawazoea watu wanaolalamika, nilikuwa namsema yeye. Nilikuwa na mlalamikaji mmoja tu, na sasa najua mlikuwa wawili.

Sijui niseme nini hapa. Najua kueleza amri.

Mjomba


1 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Uliipata barua ya mwalimu tarehe 20 Februari. Mimi nilibonyeza tarehe 3 Machi. Hizo ni siku kumi na moja. Barua kutoka kwako hadi huku huchukua siku sita. Nimehesabu kwa sababu hesabu ndiyo kazi ninayoijua.

Ulikuwa na siku tano za kupoteza na bado ungeniwahi.

Nimekuwa nikisema kosa ni letu nusu kwa nusu, wewe herufi, mimi nakala. Nilikuwa nimeshakubaliana nalo na nilikuwa nalala. Sasa lazima nigawe upya.

Nikuambie tunavyofanya hapa. Mtu akija, hatumtengenezei mguu kwa kipimo cha fundi. Fundi anaweza kuwa na miguu mizuri kuliko wote, haimsaidii mgonjwa. Tunamketisha, tunampima yeye. Fundi mpya akisahau hilo, mkuu humvalisha kikombe cha mtu mwingine kwenye ngumi yake na kumwambia asukume ukuta mpaka aelewe. Huwa hawasahau tena.

Usiniandikie mpaka uwe umewaandikia wao.

Rula


28 Septemba

Rula,

Salamu kwako na kwa dada. Nimewaandikia, ndiyo maana naandika.

Toleo la kumi na sita halina habari na halina somo. Ni karatasi moja. Juu yake kuna maneno haya, na nakunukulia ili usihangaike kufungua bahasha nyingine: "Usifuate hatua ya tatu ya somo la kumi na nne. Itafuta kompyuta yako. Kosa ni la mwandishi. Aliambiwa na msomaji mwezi Februari, hakujibu, na baada ya hapo wengine wakapoteza kazi zao." Chini yake nimeeleza namna ya kutambua jina la flashi yako kabla ya kuandika chochote, na nakala imekuwa hatua ya kwanza. Mchapaji aliuliza kama nina hakika na sentensi ya nne. Nikamwambia achape.

Majibu yamekuja haraka kuliko nilivyozoea. Wasomaji arobaini na mmoja wameomba wasitumiwe jarida tena. Wanne wamesema nao yaliwapata, na walinyamaza wakidhani ni uzembe wao. Gereza limejibu rasmi, kwa muhuri, kwamba huko flashi haziruhusiwi na hivyo hakuna hasara. Fundi saa amesema hajawahi kufuata somo langu lolote, anapenda tu ninavyoandika. Nimelifikiria sana hilo.

Mwalimu nilimwandikia barua peke yake, kurasa tatu. Amejibu neno moja: "Nimepokea."

Nilitaka kuacha. Niliandika hata tangazo. Halafu wakaja wawili, mmoja karani wa bandari kavu, mmoja mwuguzi, wakiuliza wafanyeje na kompyuta zao, kwa sababu huko waliko hakuna mwingine wa kumuuliza. Nimewajibu kwamba sijui kompyuta zao zikoje, wanieleze kwanza. Ni mara ya kwanza kuandika sentensi hiyo.

Somo la kumi na saba limeandikwa. Linahusu kuweka nakala za kazi mahali pawili. Nimelijaribu kwangu na kwenye ile ya mchapaji. Nimeliambatisha hapa. Sijalipeleka kuchapwa, na sikuombi kitu.

Mjomba


17 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mama anapanda ngazi kwa miguu yote miwili sasa na anataka kila mtu amtazame. Anauliza unatafunaje.

Karatasi nimeiona. Mkuu wa karakana pia ameiona, imebandikwa mlangoni pa chumba cha vipimo, sijui ni nani aliyeibandika. Aliniuliza, "Huyu fundi unamfahamu?" Nikasema, "Ni mjomba wangu." Akatazama ile karatasi tena, akasema, "Angalau ameandika." Sijarudishwa. Anasema tutaona mwakani. Jioni, kazi ya plasta ikiisha, ananiruhusu kuingiza vipimo vipya. Nimefikisha watu mia mbili na kumi na wawili, na vinakaa mahali patatu, pawili kati ya hapo pakiwa nje ya jengo.

Kinyozi alipata mguu wake mwezi wa sita. Sikukuandikia kwa sababu hatukuwa tunaandikiana mambo mazuri. Anasimama. Amelalamika kwamba wateja wamepungua heshima.

Sijamaliza hasira. Nakuambia ili usidhani barua hii inasema vingine. Inapungua, halafu anakuja mgonjwa ambaye jina lake nalikumbuka, namwomba avue kiatu tuanze upya, inarudi.

Lakini mwuguzi na karani wana kompyuta, na wewe una kompyuta moja nzuri na moja ya kuwekea miguu. Hiyo haitoshi. Hapa karakana kuna tatu, zote zimechoka kwa namna tofauti. Kila somo litapita kwangu kabla ya mchapaji. Nitafanya unavyoandika, si unavyomaanisha. Nikisema halifai, halitoki, na hatubishani kwa barua.

Somo la kumi na saba nimelijaribu Jumamosi kwenye zote tatu. Hatua ya pili haifanyi kazi popote. Hatua ya sita inafanya kazi, ila si kwa sababu uliyoieleza. Maelezo yangu yako nyuma ya karatasi hii. Usichape bado.

Rula